Mazoezi kwa Gunia la Viazi

Jumamosi niliazima kiti cha magurudumu
kwa mzee Hermínio wa duka la dawa,
nikakipakia gunia la viazi, kilo hamsini
(mama ana hamsini na tatu, akivaa koti),
nikalifunga mkanda, nikalifunika blanketi,
nikausukuma uzito wake mitaani Porto
kabla mwenyewe hajaja.

Watu waligeuka. Mtoto mmoja akauliza,
"Viazi vinaumwa?"

Daftarini niliandika:
Stesheni. Lifti ipo. Kuta za vigae vya buluu,
aketi pale robo saa, asiharakishwe.
Mnara wa kanisa: ngazi mia mbili na ushei.
Tutautazama kutoka chini,
kama tunavyotazama mali ya jirani.
Mkahawa wa kona: choo kiko chini ya ardhi,
ngazi za kupinda. Hapana.
Mkahawa wa pili: choo usawa wa barabara, mlango mpana,
mhudumu hucheka kabla hujaagiza.
Ndiyo. Mistari miwili chini yake.
Ngazi za nyuma ya kanisa kuu, zishukazo mtoni:
hapana, hapana.

Kwenye mteremko mawe yalikitikisa kiti
hata kiazi kimoja kikachomoka guniani,
kikabingirika, kikaruka, kikashika njia ya mtoni,
nami nimeng'ang'ania breki kwa mikono miwili
nikikiangalia kinavyokwenda
na nisichokiona ni kiazi.

Kaka yangu Amílcar yuko Toulouse.
Akasema kwenye simu, "Mpandishe basi la watalii,
lile lisilo paa, aone yote bila kukanyaga."
Walio mbali hawaishiwi na ushauri;
mpini hawaushiki wao.

Usiku nikampigia mama, nikamsomea ratiba.
Alisikiliza kama mtu anayesomewa
hali ya hewa ya nchi nyingine.
Nilipomaliza, kimya. Nikasikia saa yake ya ukutani.
Kisha: "Na zile ngazi?"

"Ngazi zipi, mama?"

"Za nyuma ya kanisa kuu. Nilikuwa na miaka kumi na sita,
nafua mashuka ya Dona Felismina.
Nashuka na nguo chafu, napanda na nguo mbichi,
na nguo mbichi, mwanangu, ni mtu mzima kichwani.
Ngazi mia moja na tisa. Ya arobaini ina ufa.
Pale nilikuwa nasimama kidogo,
najifanya nafunga leso
wasije wakasema msichana amechoka."

Miaka hamsini na miwili niko mwanawe
na sikuwahi kusikia habari ya leso hiyo.

"Mama, kiti hakishuki ngazi."

"Nani kasema nishuke? Niweke pale juu, nizitazame.
Zimenitazama vya kutosha nikihema.
Zamu yangu sasa. Mimi nimekaa."

Jumapili nikarudi, bila kiti, bila viazi.
Nikaanzia chini, nikapanda nikihesabu kwa sauti.
Mia moja na saba.
Nikashuka, nikahesabu upya. Mia moja na saba.
Labda mbili za chini zimemezwa na lami,
labda kapu lilihesabu lenyewe.
Ufa upo. Kwa hesabu yangu ni ya thelathini na nane.
Mara ya pili ya kupanda, nilipoufikia,
magoti yalinigomea, na wasichana wawili walikuwa wakishuka,
basi nikainama,
nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Hesabu yangu sitamwambia.
Nimechana ule ukurasa wa hapana, nikaandika mwingine:
Tarehe nane, saa nne asubuhi. Jua litatoka kulia, alete kofia.
Juu pale pana ukuta wa kuegemeza kiti.
Breki zote mbili.
Tukae hadi atakaposema basi.

Viazi bado tunavila.